Tope, Matuta na Mji Uliozama: Kuijua Pwani ya Wafrisia

Mtu anayepanda tuta la bahari kule Holwerd au Dagebüll kwa mara ya kwanza huuliza bahari iko wapi. Mbele yake pana tope la kijivu linaloenda hadi macho yanapokoma, vijito vinavyong'aa katikati yake, na ndege wanaodonoadonoa. Akirudi mahali pale pale baada ya saa sita hivi, atakuta maji yamefika miguuni mwa tuta. Hiyo ndiyo Bahari ya Wadden, ukingo wa Bahari ya Kaskazini unaopita Uholanzi, Ujerumani na Denmark kwa karibu kilomita 500. UNESCO iliitia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2009, na sehemu ya Denmark ikaongezwa 2014. Ndiyo pwani ya Wafrisia, watu wa ukingo huu wa bahari: Friesland na Groningen upande wa Uholanzi, Frisia ya Mashariki katika kona ya kaskazini-magharibi ya Ujerumani, na Frisia ya Kaskazini karibu na mpaka wa Denmark.

Pwani hii humfundisha mambo mengi anayeitembea, na kubwa kuliko yote ni kwamba hekaya za Wafrisia hazieleweki mbali na tope lao. Hekaya husema mji wa Rungholt ulizama kwa dhambi za watu wake. Ukichimba tope unakuta watu waliopunguza, mwaka baada ya mwaka, ardhi iliyokuwa imewabeba. Masimulizi haya mawili yanahitajiana, na ndiyo maana naanza na tope lenyewe.

Mwenyeji wa Pwani ya Afrika Mashariki ana mtaji mzuri hapa, maana kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu si mambo mageni kwake. Kati ya kujaa na kujaa kunapita saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita moja na nusu huko Den Helder, lakini kwenye ghuba ya Jade hupita mita 3 na nusu. Kinachowaponza wageni ni upepo. Bahari ya Kaskazini haina kina kikubwa upande huu, na upepo huisukuma itakavyo. Upepo wa mashariki ukivuma siku mbili, maji huondoka mbali kuliko jedwali linavyosema. Upepo mkali wa magharibi au kaskazini-magharibi huyarundika pwani, na saa ya kupwa inaweza kufika huku mkondo uliotazamia kuuvuka kwa maji ya magotini ukiwa na maji ya kifuani. Kwa hiyo jedwali la maji lisomwe pamoja na utabiri wa upepo. Anayesoma jedwali peke yake amesoma nusu.

Wadachi na Wajerumani wana desturi ya kuvuka tope hili kwa miguu hadi visiwani. Njia mojawapo nzuri ni ile ya Dunsum katika kisiwa cha Föhr hadi Norddorf katika kisiwa cha Amrum, karibu kilomita 8. Utaratibu wake ni huu: huondoka yapata saa mbili kabla ya kupwa kabisa, ili mkondo ulio mkubwa uuvuke maji yakiwa chini, kisha umalizie safari maji yakianza tu kurudi. Kama ni safari ya kwenda na kurudi, saa ya kupwa isikupite ukiwa bado unaelekea mbele.

Watu wengi hudhani hatari ni wimbi linalokuja kutoka mbele. Sivyo. Maji ya kujaa hupanda kwanza kwenye mikondo, na mikondo huzunguka nyuma yako. Unaweza kusimama penye mchanga mkavu kabisa, ukitazama bahari iliyo mbali, na njia ya kurudi nchi kavu tayari imefungwa. Likishuka ukungu juu ya hilo, tuta halionekani, na mtu asiye na dira huanza kutembea kwa kuzunguka bila kujua. Ndiyo sababu huwa nasisitiza mwongozaji mwenye kibali, hata kwa mtu aliyekulia baharini. Mikondo huhama. Ramani ya miaka michache iliyopita inaweza kukupeleka penye kina.

Tope lenyewe lina aina tatu. Karibu na visiwa na mikondo mikubwa ni mchanga mgumu wenye mikunjo midogo ya mawimbi, unaotembeka kama barabara. Katikati ni mchanganyiko. Karibu na tuta, maji yanakotulia, ni tope laini, jeusi kwa chini, lenye kung'aa, na hapo mguu huzama hadi goti. Ukiona vilima vidogo vya mchanga vilivyojisokota kama tambi, jua hapo chini yupo mnyoo wa mchangani aitwaye Arenicola marina, na kwa kawaida pale panabeba mtu. Mnyoo mmoja hupitisha tumboni mwake karibu kilo 25 za mchanga kwa mwaka. Usipoviona kabisa na uso wa tope unang'aa kama mafuta, zunguka.

Viatu viwe vya kamba, vinavyofunga kifundo cha mguu, na vikazwe sana. Mabuti ya mpira hayafai hata kidogo: tope huyanyonya, mguu hutoka, buti hubaki. Kwenda peku kunafaa kwenye mchanga tu, kwa sababu maganda ya chaza hukata kama wembe. Beba fimbo ndefu ya kupimia kina, dira, maji ya kunywa, filimbi, na nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Penye tope laini usisimame, hatua ziwe fupi na za haraka. Mguu ukikwama, usiuvute moja kwa moja kwenda juu. Inama mbele, weka uzito kwenye mikono na goti la pili, tikisa kifundo ili maji yaingie pembeni ya mguu, halafu utoe polepole.

Sasa geuka uitazame nchi kavu. Vijiji vya kale vya Friesland na Groningen vimekaa juu ya vilima, na hakuna hata kimoja kati ya vilima hivyo kilichoumbwa na maumbile. Watu walihamia kwenye uwanda huu wa nyasi za chumvi karibu karne ya 6 KK, zaidi ya miaka 1,500 kabla ya matuta ya bahari, na kwa kuwa maji ya dhoruba yalifunika kila kitu, walijenga vilima vya kuishi juu yake. Huko Friesland kilima hicho huitwa terp, Groningen ni wierde, na Frisia ya Kaskazini ni Warft. Vilijengwa kwa mabamba ya udongo wenye nyasi, samadi ya ng'ombe na taka za nyumbani, tabaka juu ya tabaka. Kila kizazi kiliongeza kimo, nyumba jirani zikaungana, na kilima kimoja cha familia kikawa cha kijiji kizima. Mwandishi Mrumi Plinius, katika karne ya 1 BK, aliwaeleza majirani wa Wafrisia, Wachauki, wakiishi juu ya vilima vya aina hiyo, wakinywa maji ya mvua na kuchoma udongo waliouanika kwa upepo. Aliwahurumia. Nadhani hakuelewa alichokiona: nyasi zile za chumvi zilikuwa malisho bora ya ng'ombe na kondoo, na watu hawakuwa pale kwa kukosa pa kwenda.

Hapa pana jambo la kukumbuka kuhusu jina la Wafrisia. Vilima vingi vya upande wa Uholanzi viliachwa katika karne ya 4, na watu wengine wakavikalia karne ya 5. Kwa hiyo Wafrisia walioasi dhidi ya Roma mwaka 28 BK kwa sababu ya kodi ya ngozi za ng'ombe, na Wafrisia wa mfalme Redbad aliyefariki 719, wamelichangia jina na pwani, ila si lazima wawe ukoo mmoja.

Kilima kirefu kuliko vyote ni cha Hogebeintum, karibu mita 9 juu ya usawa wa bahari, na kanisa juu yake. Ubavu wake mmoja umekatwa wima, na mgeni hujiuliza kwa nini. Kati ya karne ya 19 na katikati ya karne ya 20, udongo wa vilima hivi uliuzwa kama mbolea. Samadi ya karne nyingi ilikuwa imeugeuza kuwa udongo mnono mno, nao ukachimbwa na kupakiwa kwenye mashua hadi kwenye mashamba ya mchanga na ya mboji ya kinamasi yaliyokuwa maskini. Mengi yalipotea, lakini uchimbaji huo ndio ulioamsha uchunguzi wa kitaalamu. Kule Ezinge, mwanaakiolojia A. E. van Giffen alichimbua miaka ya 1920 na 1930 na kukuta nyumba za miti zilizojengwa moja juu ya nyingine, pamoja na mazizi yake. Samadi yenye unyevu ilikuwa imezifunika zisipate hewa, ndiyo maana hazikuoza.

Anayetaka kuona maisha ya vilima yakiendelea leo aende kwenye visiwa vidogo vya Hallig huko Frisia ya Kaskazini. Viko kumi, miongoni mwao Langeneß, Hooge, Oland na Gröde. Havina tuta kubwa la bahari. Dhoruba ya majira ya baridi ikija, malisho yote huzama, na kila kilima hubaki kisiwa chenye nyumba, watu na mifugo. Siku kama hiyo haiwashtui wenyeji. Ng'ombe na kondoo hupandishwa kilimani mapema, mashua hufungwa, na watu hungoja maji yapwe.

Shida kubwa ya zamani haikuwa maji ya bahari kuingia ndani, bali maji matamu. Katikati ya kilima kulichimbwa bwawa liitwalo Fething, lililokandikwa udongo wa mfinyanzi lisivuje, la kukinga mvua kwa ajili ya mifugo. Watu walikuwa na kisima chao cha mvua pembeni, kilichoezekwa kwa mabamba ya udongo na kubanwa mdomo. Dhoruba ikipanda hadi ukingo wa kilima, bwawa huingia chumvi, na hapo mifugo hufa kwa kiu baada ya dhoruba kupita. Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya maji kuondoka ilikuwa kulikausha bwawa lote hadi chini na kuanza kungoja mvua upya. Maji ya bomba kutoka bara yalifika miaka ya 1960. Kuni pia hazikuwapo, maana miti haipo. Samadi ilitandazwa, ikakanyagwa, ikakatwa vipande, ikaanikwa na kuchomwa katika jiko la chuma lililolishwa kutoka jikoni, ili sebuleni kuwe na joto bila moshi.

Nyumba za eneo hili zina siri moja ambayo mjenzi yeyote ataiheshimu. Paa halikukaa juu ya kuta. Lilibebwa na nguzo za mbao zilizosimama ndani ya nyumba, na kuta za matofali zilikuwa za kuzuia upepo tu. Mawimbi yakibomoa kuta, nguzo husimama, na watu walioko darini juu ya nyasi kavu hupona. Mwezi Februari 1825 dhoruba ilikuwa kubwa kuliko nguzo: zaidi ya watu 70 walikufa kwenye visiwa vya Hallig. Majira ya joto yaliyofuata mfalme Frederik VI wa Denmark, ambaye eneo lile lilikuwa chini yake, alikuja Hooge kujionea, na chumba alicholala bado huonyeshwa kwa wageni. Somo la nguzo lilirudi baada ya dhoruba ya Februari 1962. Vilima viliinuliwa, na kila nyumba ikajengewa chumba cha kujihifadhi ghorofani, kikibebwa na nguzo za zege zilizozamishwa ndani kabisa ya kilima. Nyumba yote ikisombwa, chumba hicho kinapaswa kubaki.

Kule Witzwort, katika rasi ya Eiderstedt, nguzo hizi zimeingia hadi kwenye hekaya. Roter Haubarg ni jumba la shamba lenye paa kubwa ajabu, watu, mifugo na nyasi vyote chini ya paa moja. Inasimuliwa kuwa kijana maskini alitaka kumwoa binti wa jirani tajiri, akamwahidi Shetani roho yake iwapo nyumba ingekamilika kabla ya jogoo kuwika. Usiku ule Shetani alijenga nyumba ya madirisha mia. Kioo cha mia kilikuwa bado hakijatiwa pale mama wa binti alipomwamsha jogoo, akawika. Husemwa kuwa kioo hicho kimoja hakijawahi kukaa. Mtu akisimama ndani na kutazama juu ataelewa kwa nini wakulima walihitaji Shetani kulieleza jumba hilo: ujenzi wa aina hii uliletwa na walowezi kutoka Uholanzi, nao ulizidi kwa ukubwa kila kitu kilichokuwapo.

Matuta ya bahari yalianza karibu mwaka 1000. Ya mwanzo yalikuwa ya mita moja au mbili, ya kulinda shamba wakati wa kiangazi tu. Yaliungana kidogo kidogo hadi yakawa ukuta mmoja wa pwani nzima, na ndipo tatizo lilipobadilika: tuta moja la wote ni imara kadiri ya kipande chake kibovu kabisa. Kila mwenye shamba alipewa kipande chake cha kutunza. Wafrisia waliweka sheria kali juu ya hilo. Asiyeweza tena kutunza kipande chake alichomeka beleshi ndani ya tuta na kuondoka. Aliyeling'oa beleshi alichukua shamba lote, na mzigo wa tuta pamoja nalo. Hapakuwa na huruma ndani yake, na ukifikiria kilichokuwa nyuma ya tuta utaona kwa nini.

Mwenye macho atalisoma tuta hivi. Mteremko wa nje wa tuta la kisasa ni mrefu, mita 6 au zaidi za mlalo kwa kila mita moja ya kimo, ili wimbi lipande na kuchoka. Ndani ni kiini cha mchanga, juu yake ni gamba nene la udongo wa mfinyanzi, na juu ya gamba ni nyasi. Nyasi ndizo silaha. Kondoo wanaochunga hapo wapo kazini: wanazifupisha ili zishikane, na kwato zao hushindilia udongo. Ng'ombe ni wazito, hutoboa. Fuko na sungura ni maadui, kwa kuwa shimo moja huwa njia ya maji. Baada ya kila dhoruba mabua na majani yaliyotupwa na bahari lazima yazolewe upesi, la sivyo nyasi zilizo chini yake hufa na dhoruba inayofuata hukuta udongo mtupu. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijui mahali pengine ambapo msemo huo ni kazi ya kila wiki.

Zamani matuta mengi yalivunjikia upande wa ndani. Mteremko wa ndani ulikuwa wima ili kuokoa ardhi ya shamba. Mawimbi yalipomwagika juu ya kilele, maji yaliteremka ndani kwa kasi, yakalowesha udongo, ukaporomoka, na tuta likaliwa kutoka mgongoni. Leo upande wa ndani hulazwa pia, angalau mita 3 kwa kila mita moja. Kosa jingine lilikuwa kujenga uso wa mbele kwa mbao zilizosimama wima. Wimbi lilizipiga na kuchimba chini yake, kisha katika miaka ya 1730 akaja mdudu wa baharini atoboaye mbao, Teredo navalis, yule ambaye kwetu vyombo vilipakwa deheni kwa ajili yake. Pwani ya Uholanzi ikalazimika kuanza kuagiza mawe.

Ukitembea juu ya tuta la zamani na ghafla likapinda bila sababu, tafuta bwawa la mviringo karibu nawe. Pale tuta lilikatika. Maji yalipoingia yalichimba shimo refu lisilofukika, na wajenzi wakalizunguka. Kila pindo ni kumbukumbu ya usiku fulani. Huko Harlingen kuna ukumbusho mwingine wa aina yake, Stenen Man, nguzo ya mwaka 1576 yenye kichwa cha nyuso mbili. Baada ya gharika ya Novemba 1570, wakulima waliokuwa karibu na bahari na wale wa ndani waligombana juu ya nani agharimie tuta. Gavana wa mfalme wa Hispania, Caspar de Robles, aliwalazimisha wote, akagawa mpaka wa kazi, na nguzo ikawekwa mpakani. Uso mmoja hutazama kila upande.

Mbele ya tuta ardhi mpya inaweza kuvunwa. Vigingi hupigwa safu mbili, katikati hushindiliwa mafungu ya matawi, na kuta hizo fupi huzungusha viwanja vya mita 100 hadi 200 kila upande, zikiacha mlango wa maji. Maji ya kujaa huingia na tope, hutulia, huacha tope. Mitaro huchimbwa ili kiwanja kikauke, na udongo wa mitaro hurushwa katikati. Mmea wa kwanza kuota ni Salicornia, mnene na wa chumvi, chini kidogo ya usawa wa maji kujaa. Ukishaota, hunasa tope zaidi, na nyasi za malisho hufuata. Haraka haina nafasi hapa: kutoka tope hadi shamba hupita vizazi.

Na sasa Rungholt. Katikati ya Januari 1362 dhoruba ya Mtakatifu Marcellus iliifagia Frisia ya Kaskazini, na bandari ya Rungholt ikatoweka. Hekaya inasema wakulima wake matajiri walilewa, wakamlewesha nguruwe, wakamlaza kitandani na kofia ya usiku kichwani, kisha wakamwita padre ampe mgonjwa sakramenti ya mwisho. Padre alipokataa walimpiga na kumwagia bia Mwili wa Kristo. Padre akaomba, usiku ule bahari ikaja, akaokoka yeye na wachache. Bahari ikiwa shwari, watu husikia kengele za kanisa chini ya maji.

Kwa muda mrefu wengine waliona Rungholt ni hadithi tupu, ingawa hati za Hamburg za kabla ya 1362 zilikuwa zimeutaja. Tangu mwaka 1921 mkulima wa Nordstrand, Andreas Busch, alipima na kuchora mabaki yaliyofunuliwa na mikondo karibu na Hallig Südfall: vilima, visima, mitaro, mbao za milango ya maji. Mwaka 2023 watafiti wa Kiel, Mainz na Schleswig walitangaza kuwa vipimo vyao vya kijiofizikia vilionyesha msururu wa vilima wenye urefu wa kilomita 2, na juu ya kimoja msingi wa kanisa la karibu mita 40 kwa 15. Kanisa la ukubwa huo halijengwi na kijiji maskini.

Utajiri ulitoka wapi? Sehemu yake ilikuwa chumvi. Chini ya udongo wa mfinyanzi wa pwani hii kuna tabaka la mboji, mabaki ya kinamasi cha kale, yaliyolowa maji ya bahari kwa karne nyingi. Udongo wa juu uliondolewa, mboji ikakatwa vipande, ikaanikwa, ikachomwa. Majivu yalichujwa kwa maji ya bahari hadi yakatoa maji makali ya chumvi, na hayo yakachemshwa kwenye vyungu vikubwa mpaka chumvi ikabaki, ya kuuza kwa wahifadhi samaki na nyama. Kila mzigo wa chumvi ulikuwa mzigo wa ardhi ulioondoka. Palipochimbwa, uso wa nchi ulishuka chini ya usawa wa maji kujaa. Mashamba nayo, kwa kukaushwa na mitaro, yalinywea na kushuka. Juu ya hayo tauni ya karibu 1350 ilikuwa imewamaliza watu wa kutunza matuta. Tuta la mita mbili, nyuma yake nchi iliyozama kama sahani, mbele yake dhoruba ya kaskazini-magharibi: maji yakishaingia hayana pa kutokea.

Mimi siidharau hekaya kwa hayo. Walioisimulia walijua kuwa Rungholt iliangamizwa na ulafi, na katika hilo hawakukosea, ila ulafi waliuweka kitandani pamoja na nguruwe wakati ulikuwa shimoni pamoja na majembe. Tarehe 11 na 12 Oktoba 1634 dhoruba kubwa ikarudi tena. Kisiwa cha Strand kilivunjika vipande, zaidi ya watu 6,000 wakafa kwenye kisiwa hicho peke yake, na mabaki yake ni Pellworm, Nordstrand na Hallig Nordstrandischmoor, ambako baadhi ya walionusurika walikimbilia. Waliobaki Nordstrand hawakuwa na nguvu ya kufunga matuta. Kwa sheria ile ile ya beleshi walinyang'anywa, na mwaka 1652 mtawala akawapa ardhi yao wawekezaji kutoka Uholanzi. Sheria ilifanya kazi yake sawasawa, na wenyeji wakabaki vibarua kwenye ardhi ya baba zao. Nikisoma sifa za uhuru wa Wafrisia huwa nayakumbuka hayo.

Maana uhuru ulikuwapo kweli. Katika Zama za Kati sehemu kubwa ya Frisia haikuwa na makabaila. Wajumbe wa nchi za pwani walikutana Upstalsboom karibu na Aurich, na tarehe 26 Septemba 1345 mtawala wa jimbo la Holland, Willem IV, aliyekuja kuwatiisha, aliuawa na jeshi lake likavunjwa karibu na Warns. Wataalamu hutoa sababu nyingi. Mimi naona tope lilichangia: wapanda farasi wenye deraya hawana raha katika nchi ya mitaro, na watu waliozoea kuamuana wenyewe juu ya matuta walikuwa tayari na mabaraza.

Kilomita chache kutoka Warns ni Stavoren, na hekaya yake. Mjane tajiri alimtuma nahodha wake akalete kitu cha thamani kuliko vyote duniani. Nahodha akarudi kutoka Danzig na shehena ya ngano. Mjane kwa hasira akaamuru imwagwe bandarini, na alipoonywa kuwa angeweza kuwa maskini, alivua pete akaitupa majini, akisema umaskini utamjia pete hiyo ikirudi. Ikarudi, tumboni mwa samaki aliyeletwa mezani kwake. Ngano ile iliota ikawa fungu la mchanga, lenye masuke yasiyo na punje, likaziba mdomo wa bandari. Fungu lipo, nalo huitwa Vrouwezand. Bandari ilijaa mchanga kama bandari nyingi za pwani hii, meli kubwa zikaenda kwingine, na mji ukafifia. Sanamu ya mjane imesimama bandarini ikitazama maji, lakini maji yenyewe si ya bahari tena. Tarehe 28 Mei 1932 tuta la Afsluitdijk, kilomita 32, lilifungwa, na ghuba ya Zuiderzee ikawa ziwa la maji matamu. Anayetaka kuliona fungu la mjane leo aulize wenye mashua za tanga pale Stavoren: wanalijua vizuri, kwa sababu ndipo wageni wasiotazama ramani ya kina hupandisha mikuku ya mashua zao mchangani.